Mapupu mabichi, mbwa wawili na laki na sitini kwa mwezi: jibu kwa dada wa Kimara

Habari dada yangu, pole na majukumu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla sijajibu nalirudia kwa kifupi ili na wengine wenye mbwa wajue tunaongelea nini. Una mbwa wawili, dume wa miaka mitatu mwenye damu ya German Shepherd, kilo 30, na jike wa kienyeji wa miaka miwili, kilo 18. Chakula cha mfuko cha dukani kimekushinda bei. Jirani yako kakwambia mbwa kwa asili yake anakula kibichi, kwa hiyo achana na kupika, nenda Vingunguti machinjioni chukua mapupu, yaani mapafu, na vile vinavyokataliwa na mabucha, wape hivyo hivyo, manyoya yatang'aa na hela itabaki. Uwezo wako ni shilingi 160,000 kwa mwezi kwa wote wawili. Na mwishoni kabisa, kama kitu kidogo hivi, ukaandika kwamba mwanao wa miaka minne anashinda nao barazani na wanamlamba uso. Unauliza kama hii ya kulisha mbichi ni kweli ina afya, na kama inawezekana kwa hiyo hela.

Inawezekana mbwa wako wakala vizuri kabisa kwa 160,000, tena nitakupigia hesabu hapa chini kwa bei ulizoniandikia wewe mwenyewe. Ila hayo mapupu mabichi hapana. Sikatai kila kitu kibichi, vipo vya kuwapa, lakini katika vitu vyote vya machinjioni, pafu na ini ndivyo vya mwisho kumpa mbwa vikiwa vibichi, na bahati mbaya pafu ni la bei rahisi na ndilo jirani kakuelekeza. Nianzie hapo maana ndipo penye uzito.

Siku moja ukipata nafasi mwombe mkaguzi wa nyama akuonyeshe pafu la ng'ombe au la mbuzi lililokataliwa. Kwa nje unaliona la kawaida, laini, rangi ya waridi, halafu pembeni kuna kitu kama gololi au yai dogo, jeupe, gumu kidogo ukiligusa. Akilichana kwa kisu yanaruka maji safi kabisa kama ya kunywa, na ndani kuna utando mweupe unaoteleza kama ute wa yai lililoiva nusu, na chini ya utando kuna chenga chenga kama mchanga laini. Hizo chenga ni vichwa vya minyoo, na kifuko kimoja kinaweza kubeba maelfu. Mbwa akimeza hiyo, kila kichwa kinajishika kwenye utumbo wake kinakuwa mnyoo tegu mdogo sana wa milimita chache ambao huwezi kuuona kwenye kinyesi kwa macho, na mbwa mwenyewe haumwi wala hakondi, anacheza kama kawaida. Baada ya kama wiki sita saba anaanza kutoa mayai. Mayai yanashika kwenye manyoya ya nyuma, akijilamba yanahamia mdomoni, akimlamba mtoto yanahamia usoni kwa mtoto, mtoto anatia kidole mdomoni. Kwa binadamu yai halikui kuwa mnyoo wa tumboni, linaenda kwenye ini au mapafu linatengeneza kile kile kifuko cha maji, taratibu, miaka mingi, mpaka siku mtu anapigwa picha ya tumbo anaambiwa ana uvimbe mkubwa kama chungwa kwenye ini na anatakiwa afanyiwe upasuaji.

Huu ndio ugonjwa wa haidatidi na kwetu haujatoka mbali. Turkana kule Kenya imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani kiasi kwamba shirika la afya la AMREF walianza kampeni maalumu ya kuudhibiti miaka ya 1980, na kwa upande wetu upo kwa wafugaji wa Ngorongoro na Loliondo. Sasa usiseme mimi niko Kimara yananihusu nini, ng'ombe na mbuzi wanaochinjwa Dar hawafugwi Dar, wanatoka bara huko, wanakuja na walichonacho kwenye mapafu. Pafu zuri linaenda bucha, lile lenye vifuko mkaguzi analikata na kulitupa, na lile lililotupwa ndilo linalookotwa na kupewa mbwa. Ukielewa hicho kitu kimoja utaelewa kwa nini nakazania sana: kilichokataliwa kwa binadamu si kila mara kimekataliwa kwa sababu hakipendezi, mara nyingine kimekataliwa kwa sababu mbwa ndiye anayemalizia safari ya huyo mnyoo.

Kinga yake ni rahisi na haigharimu zaidi ya mkaa kidogo. Mapupu na maini kata vipande vidogo vya kutosha kiganja, usichemshe pafu zima maana katikati halipati moto, chemsha dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Basi, kifuko kimekufa. Pafu lililochemshwa bado ni protini nzuri na mbwa analipenda.

Sasa kuhusu hoja ya jirani kwamba mbwa kwa asili anakula kibichi. Kuna ukweli ndani yake na kuna kilichoachwa nje. Huu mtindo kwa jinsi unavyosambaa sasa hivi ulipata nguvu miaka ya 1990 kwa daktari wa mifugo wa Australia anaitwa Ian Billinghurst, ambaye alikuwa anasisitiza mifupa mibichi yenye nyama. Watu wakaja na kanuni ambayo utaikuta kila mahali, nyama ya misuli asilimia 80, mfupa 10, viungo vya ndani 10 na katika hiyo 10 nusu yake ini. Kiasi cha chakula kwa mbwa mzima ni asilimia 2 mpaka 3 ya uzito wake kwa siku. Kwa mbwa wako wawili wenye kilo 48 kwa pamoja, tuchukue 2.5, ni kilo 1.2 ya nyama kila siku. Wewe umeniambia steki bucha la kwenu ni 12,000 kilo, kwa hiyo ni 14,400 kwa siku, mwezi 432,000. Hiyo ni karibu mara tatu ya ulichonacho, na ndipo watu wanapoanza kukimbilia vya kuokota.

Kilichoachwa nje ni kwamba mbwa wa nyumbani si mbwa mwitu tena. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi ambao ndio asili yake. Kwa maneno mengine maelfu ya miaka ya kula mabaki ya chakula cha binadamu yamembadilisha tumbo. Kwa hiyo ugali unaompa usiuonee aibu kabisa, ugali si takataka kwa mbwa, tatizo ni pale ugali unapokuwa ndio chakula chote na dagaa watatu juu yake. Ukiuweka kama sehemu ya tatu ya nguvu anayohitaji na iliyobaki ikawa nyama, mbwa anakaa vizuri na mfuko wako unapumua.

Ila unga wenyewe uangalie. Usimpikie mbwa mahindi yaliyooza eti ni ya mbwa, wala pumba zilizokaa stoo zimeshika unyevu zikawa na harufu ya uvundo. Sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake linaathirika na hiyo sumu haraka sana. Mbwa anaanza kukataa chakula, macho na fizi zinakuwa njano, anatapika, anaenda choo cheusi, na mara nyingi akiletwa kwangu kutibiwa akiwa hivyo tumeshachelewa. Dona unalokula wewe ndilo umpe yeye.

Haya, hesabu. Bei ni zako ulizoandika, mimi nimepanga vipimo tu. Kwa siku moja, kwa mbwa wote wawili: vichwa na miguu ya kuku gramu 250, kwa 3,000 kilo ni 750. Mapupu gramu 300, kwa 4,000 ni 1,200. Moyo wa ng'ombe au firigisi gramu 200, kwa 8,000 ni 1,600. Ini gramu 50 tu, kwa 12,000 ni 600, na usiongeze hata kama muuza bucha anakupa la bure, nitakwambia kwa nini. Dagaa wakavu gramu 40, yaani mkono mmoja uliojaa, kwa 8,000 ni 320. Dona gramu 250, kwa 2,000 ni 500. Yai moja siku moja ndiyo siku moja hapana, tuseme 175 kwa siku. Jumla 5,145, mara siku 30 ni 154,350. Kinachobaki ni cha mchicha, karoti, boga na mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula kwa siku kwa wote wawili, yale yana vitamini E ambayo nyama haina ya kutosha. Dume apate sehemu tatu kati ya tano, jike mbili.

Umeona moyo na firigisi nimeziweka kama nyama. Watu wengi wanazihesabu kama viungo vya ndani, hapana, ile ni misuli, na kwa bei yake hakuna misuli mingine utakayopata. Ini ndilo kiungo, na ini lina vitamini A nyingi sana ambayo ikizidi inajikusanya mwilini mwa mbwa. Mbwa anayelishwa ini kila siku kwa wingi, miezi ikipita anaweza kuanza kukakamaa shingo na viungo, akashindwa kuinamia bakuli. Kidogo kila siku kinatosha. Kitu kingine ambacho bucha watakupa kwa bei ndogo ni koromeo na nyama ya kooni. Epuka, maana pale kuna tezi ya shingo inayoshikana na nyama, na mbwa akila hiyo mara kwa mara anakula homoni ya ng'ombe, anakonda huku anakula sana, mapigo yanaenda mbio.

Sasa kipi kiwe kibichi? Katika orodha yote hiyo ningeruhusu moyo wa ng'ombe, uliotoka kwenye mnyama aliyekaguliwa na kupigwa muhuri, ukakaa kwenye friza siku 10 ukiwa mgumu kama jiwe. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda huo inaua vifuko vya minyoo, kwa hiyo umeme ukikatika mpaka nyama ikalainika hesabu inaanza moja, na nyama iliyoyeyuka kabisa usiirudishe kugandisha, ipike siku hiyo hiyo. Friza haiui bakteria lakini, hili watu wanachanganya sana, Salmonella na wenzake wanalala tu wakisubiri nyama iyeyuke. Yeyushia kwenye frigi rafu ya chini ndani ya bakuli, usiache juu ya meza jikoni na joto hili la Dar.

Kuku mbichi kwa nyumba yako sishauri. Najua wanaolisha mbichi wanaona shingo na miguu ya kuku ndio msingi wa kila kitu, na nina wateja wanaofanya hivyo miaka sijaona shida kwao, lakini ni watu wazima wanaoishi wenyewe na mbwa wanalala banda la nyuma. Kuku mbichi anabeba Salmonella na Campylobacter, mbwa anaweza asiumwe kabisa akawa anatoa hao bakteria kwenye kinyesi na mdomoni, na mtoto wa miaka minne akipata kuhara kwa Salmonella siyo mchezo. Vivyo hivyo mjamzito, mzee, au mtu yeyote mwenye kinga iliyoshuka. Halafu watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha mwaka 2018 kwamba mbwa wanaokula kuku mbichi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ule ugonjwa wa neva ambao miguu ya nyuma inalegea kwanza, halafu ya mbele, hata kubweka sauti inapotea. Wengi wanapona lakini ni miezi ya kumgeuza geuza mbwa na kumlisha kwa mkono.

Badala yake tumia presha kuka. Vichwa na miguu tia maji yafunike, funga, saa moja na nusu kwa moto mdogo. Ukifungua chukua mguu mmoja ukishapoa uuminye kwa vidole viwili, mfupa ukisagika kama biskuti iliyolowa basi umeiva, ukikwaruza kidole rudisha. Huo mfupa haumchomi mbwa popote na kalsiamu yote ipo. Ule mchuzi usiumwage, songea nao ugali. Usijaribu hili kwa sufuria ya kawaida nusu saa, mfupa wa kuku uliochemshwa kidogo au wa kukaangwa unakauka na kupasuka vipande vyenye ncha, hivyo ndivyo ninavyovitoa kwenye koo na matumbo ya mbwa kila baada ya sikukuu. Na lile fupa kubwa la paja la ng'ombe ambalo watu wanampa mbwa alitafune mchana kutwa linavunja jino, lile kubwa la pembeni juu, linapasuka kwa ubavu mpaka kwenye mzizi.

Huu mfupa uliosagika usiuache hata siku ukisikia nyama mnofu imeshuka bei. Nitakusimulia mmoja ambaye sijamsahau. Aliletwa kwangu mtoto wa German Shepherd wa miezi mitano, amebebwa kwenye kanga, mwenye mbwa analia. Yule baba alikuwa anampenda mbwa wake kuliko kawaida, tangu amnunue alikuwa anampa steki mbichi na ini peke yake, hana ugali, hana mfupa, aliambiwa mifupa inaua. Mbwa manyoya yanang'aa kweli, macho maangavu, ila miguu ya mbele imepinda kama upinde na kiganja kimelala chini, akisimama anatetemeka, nikigusa mgongo analia. Asubuhi ile aliruka ngazi moja tu ya baraza, mfupa wa paja ukakatika. Kwenye picha mifupa ilionekana myembamba kama maganda, karibu haitofautiani na nyama. Mnofu una fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati mbwa anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo, kwa hiyo mwili ulikuwa unakwangua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe kila siku. Tulimfungia kwenye kizimba kidogo wiki nyingi, tukambadilishia chakula, akatembea, lakini miguu ilibaki na upinde wake mpaka leo.

Kwa hiyo siku ukikosa vichwa na miguu, kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini kama wa ngano, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Kijiko kizima cha chai kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Lakini usichanganye vyote kwa pamoja, mfupa na maganda, ukadhani ndio nguvu zaidi. Na siku ukileta mtoto wa mbwa mkubwa nyumbani, hasa hiyo mbegu ya German Shepherd, hii orodha niliyokupa si yake, kalsiamu ikizidi kwake ni mbaya kama ikipungua kwa sababu mwili wake mdogo haujui kuikataa, njoo tupange upya.

Dagaa wachague, toa vichwa kama vina mchanga, loweka maji ya moto umwage yale ya kwanza chumvi ipungue, halafu uwachemshe kidogo na mboga. Samaki wabichi sitaki, baadhi yao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, moto unakimaliza. Kwa ndugu zangu wa Mwanza wanaosoma hapa, mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yakipikwa kwenye presha namna ile ile ya miguu ya kuku ni chakula kizuri sana. Kitimoto mbichi usimpe. Kichwa cha mbuzi au kondoo kibichi chenye ubongo pia hapana, kule kwenye ubongo kuna kifuko cha tegu mwingine, yule anayemfanya mbuzi azunguke kama amelewa. Vitunguu vya aina zote na saumu visiingie kwenye sufuria ya mbwa, vinavunja damu, na hili linawahusu wale wanaowapa mbwa mchuzi uliobaki mezani.

Kuna kitu kimoja hukukiuliza ila nakijua maana wafugaji wa broila wamejaa huko kwenu. Usiku kuku wamekufa bandani kumi, asubuhi mtu anakuita njoo chukua ya mbwa, bure. Usichukue. Hujui wamekufa na nini na wamemezeshwa antibayotiki gani jana yake. Na nyama ya kibudu, ng'ombe aliyekufa mwenyewe, iwe mbichi iwe ya kupikwa, kaa nayo mbali wewe na kisu chako na mbwa wako, kimeta bado kipo nchini na kinaua mchunaji kabla ya mlaji.

Dawa za minyoo. Unachotaka ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, vidonge vingi vya mbwa vinakuwa kidonge kimoja kwa kilo 10, kwa hiyo dume vitatu, jike viwili. Kama hawajawahi kula mapupu mabichi kila miezi mitatu inatosha, ila umesema wiki mbili zilizopita ulishaanza kuwapa kama jirani alivyosema. Basi wape leo, na urudie kila wiki sita mara tatu, halafu ndiyo uende kwenye miezi mitatu. Ile sindano ya ivermektini ya kupe na ukurutu haigusi tegu hata kidogo, usije ukadhani ukishachoma hiyo umemaliza. Siku nne tano baada ya dawa kinyesi chote kiokote na ukifukie shimo refu au ukichome, usikipeleke bustanini kwenye mchicha. Mtoto usimkataze mbwa, utamvunja moyo bure, mfundishe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na asilambwe mdomoni, na bakuli za mbwa zisioshwe kwenye sinki la vyombo vyenu.

Usibadilishe chakula siku moja. Chukua siku kama 10, robo ya chakula kipya, halafu nusu, na mboga zisagwe au zipondwe maana zikiwa nzima zinatoka kama zilivyoingia. Angalia kinyesi, ndicho kitakachokuambia kuliko mimi. Kikiwa cheupe kinapukutika kama chaki na mbwa anajikamua, mfupa umezidi, punguza miguu ongeza firigisi. Kikiwa cheusi laini chenye harufu kali, ini limezidi. Na mbavu zake, ukipitisha mkono ubavuni unatakiwa uzihisi bila kubonyeza lakini usizione kwa macho ukiwa umesimama mbali. Mpime kila wiki mbili, unapanda naye kwenye mizani unatoa uzito wako. Akikonda ongeza ugali na kijiko cha mafuta kabla hujaongeza nyama, ndiyo nafuu zaidi.

Umeandika pia kwamba jike unafikiria kumpandisha. Hapo kibichi hata kile cha friza kinasimama kabisa, moyo nao upikwe, kwa sababu kuna vimelea na bakteria wa kwenye nyama ya ng'ombe na mbuzi ambao mama haumwi nao lakini watoto wanatupwa au wanazaliwa dhaifu. Mimba ni siku kama 63. Wiki tano sita za mwanzo mlishe kama kawaida asinenepe, wiki tatu za mwisho ongeza kidogo kidogo mpaka afikie mara moja na robo ya chakula chake cha sasa, umgawie mara tatu au nne kwa siku maana tumbo litakuwa limebanwa na watoto, na prazikwanteli mpe kabla hajapandishwa.